Daftari la Tano Halikuja

Nilijikata mguu kwa panga la miwa asubuhi ya Jumatatu, na kwa ajili ya mguu ule rafiki yangu hayupo. Mama hapendi nikisema hivyo. Husema mguu ni mguu, haujui kusoma wala kusema. Lakini nikianza kukumbuka siwezi kuanzia pengine.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la nne, na nilikuwa mtu wa kuota ndoto nikiwa macho. Huku nakata miwa nilijiona naimba redioni, au nimepanda baiskeli mpya yenye taa mbili. Ndivyo nilivyojikata. Nilikuwa juu ya baiskeli hiyo, nateremka kwenda Msambweni, watu wananipungia mkono, na panga likaukosa muwa. Wenzangu walinibeba huku wananionea huruma na kunicheka. "Huyu hakukatwa na panga," mmoja alisema, "amekatwa na mawazo." Dresa wa zahanati ya shamba alinishona nyuzi kumi na moja, akaniambia nisikanyage chini kwa wiki sita.

Kwetu ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka shamba la miwa, ukielekea Msambweni. Nyumba yetu ni ya udongo na makuti, na nyuma yake pana ua mpana ambao mchana ni milki ya wanawake. Baada ya adhuhuri, vyombo vikishaoshwa, mama na shangazi na majirani wawili watatu hutandika majamvi wakakaa kusuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa, majani ya mkindu, ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Mwanamke aliyezoea husuka huku anasema, anacheka, anagombana, na ukili hautazami hata mara moja. Bibi yangu, mama yake baba, alikaa mlangoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini vidole vyake viliwashinda wote kwa mbio. Baba alikuwa ameshafariki miaka mingi. Katikati ya wanawake hao ndipo nilipowekwa, mguu juu ya mto.

"Tumepata mwari mpya," alisema shangazi. "Mpeni naye ukili, asikae bure."

"Mwari mwenye ndevu!"

"Ndevu gani? Zile tatu?"

Nilicheka nao. Sikuwa na uzito wowote moyoni siku zile.

Rafiki yangu alikuwa karani wa mizani pale shambani. Jina lake siliandiki humu. Tangu alipochukuliwa nimeliandika mara moja tu, na nitasema ni wapi. Alikuwa mtu wa bara, Mkikuyu, amenizidi miaka minne au mitano, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na wapiganaji wa Kikuyu huko bara. Vita vyenyewe havikufika kwetu, lakini watu wa kabila lake walichukuliwa hata huku pwani, kwa neno dogo, kwa karatasi iliyokutwa mfukoni, wakapakiwa kwenye malori kwenda kwenye kambi ambazo sisi tulizisikia kwa mbali tu. Yeye aliachwa kwa sababu ya cheti chake cha kazi, na cheti kile kilikuwa na sharti kwamba asisikike katika jambo lolote. "Mimi naishi juu ya karatasi moja," aliniambia siku moja, huku anaupigapiga mfuko wa shati.

Asubuhi, mnyapara akishagonga kile kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti, rafiki yangu ndiye aliyesimama na kitabu kikubwa kutuita majina. Siku moja nilimwona anasita. Akaruka majina matatu. Watatu hao tulikuwa tumekula nao ugali jana yake. Niliiona kalamu yake inapiga mstari mara tatu, na yeye hakuinua macho. Jioni nikamuuliza wamekwenda wapi wale.

"Nimeambiwa nisiwaite," akasema.

Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kutafsiri. Alikuwa na kitabu cha Kiingereza alichokiokota katika takataka za mzungu mmoja aliyehama, kimekwisha jalada na kurasa za mwanzo, hata yeye mwenyewe hakujua kinaitwaje wala nani kakiandika. Kila jioni alikigeuza kwa Kiswahili, kurasa mbili tatu, ndani ya madaftari ya shule, kwa hati ambayo sijaona mfano wake: herufi zimesimama wima, safi, zimelingana kama zimepigwa chapa. Kiswahili chake cha kusema kilikuwa cha bara na tulimcheka, lakini cha kuandika kilikuwa kizuri, kwa sababu kila neno alilolitilia shaka aliniuliza mimi. Mimi wa darasa la nne! Nilijiona sheikh.

Jumapili ya kwanza baada ya mimi kuumia alikuja kunitazama. Aliwaamkia bibi na mama shikamoo, akala muhogo wa nazi aliowekewa, na wanawake walipoingia jikoni akatoa daftari ndani ya shati.

"Soma, upitishe siku," akasema. "Penye kosa la Kiswahili tia alama. Lakini usimwambie mtu limetoka kwangu. Hata mama."

"Ni la siri?"

"Ni hadithi tu. Lakini mimi si mtu wa kukutwa na hadithi siku hizi."

Nikamwapia. Akanifinya kidole cha mguu ulio mzima, akaenda zake.

Kusoma peke yangu katikati ya wanawake wale hakukuwezekana. Siku ya pili tu shangazi akaanza: "Barua ya nani hiyo unayoitabasamia? Hebu tusomee, nasi tutabasamu." Nikafikiri, kuna ubaya gani? Nimekatazwa kusema limetoka kwa nani, sikukatazwa kusoma. Nikakohoa kidogo, nikanyoosha mgongo.

"Ngoja," alisema bibi kutoka mlangoni. "Ni ngano hiyo?"

Kwetu ngano zina wakati wake, usiku watu wakishakula. Mchana hazisimuliwi. Bibi aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba msimulia ngano mchana atapotea njia ya kwao. Mchana huzungumzwa habari: nani kafa, nani kaolewa, bei ya nazi.

"Si ngano, bibi," nikasema. "Ni kitabu."

"Ah. Kitabu." Akashika ukili wake. Kitabu anachokijua bibi ni Msahafu, unaowekwa juu ya marufaa, usioguswa bila udhu. Mimi sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilifurahi tu kwamba nimeruhusiwa.

Ilikuwa habari ya nchi ya mbali, yenye baridi. Katika nchi hiyo palikuwa na mgonga kengele. Kila asubuhi aligonga, watu wote wakatoka wakasimama milangoni, na yeye akasoma katika karatasi majina ya watu ambao kuanzia siku ile hawatajwi tena. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamechukuliwa, haikuelezwa. Likisomwa jina, watu wote waliitika pamoja, "Hatumjui." Kisha nguo zake zilichomwa, kitanda chake kikatolewa, na mtoto aliyeuliza baba yuko wapi aliambiwa hukupata kuwa na baba. Mgonga kengele mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alipenda supu ya viazi na alimwogopa mbwa wa jirani. Alisoma majina akarudi kunywa chai.

Nilisoma polepole. Nilipofika mahali mke anamshitaki mumewe kwa kumwita marehemu katika usingizi, shangazi akatupa ukili chini.

"Mwanamke huyo au fisi? Mimi mume wangu akiota humwita yule wake wa kwanza, na sijamshitaki bado."

"Humshitaki, lakini asubuhi chai haina sukari," alisema jirani yetu mmoja, mama mnene aliyezika wanawe watatu. Wakacheka. Kisha yeye mwenyewe akaniuliza kwa sauti nyingine: "Na khitima? Nani anawasomea khitima watu hao, ikiwa hawatajwi?"

"Hawasomewi."

"Hata arubaini?"

"Hata arubaini, mama."

"Lo! Maskini," akasema, akajifuta uso kwa upindo wa leso. Mama yangu aliacha kusuka. Aliutazama ukili wake, yeye ambaye hautazami kamwe, na nilijua kwamba anamfikiria baba.

Kwa Jumapili nne rafiki yangu alileta madaftari manne, na mimi niliwasomea yote, mchana, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Waliongezeka watu. Mmoja alikuja kutoka Kinondo kumtembelea dadake akakaa siku tatu zaidi. Nilipomsimulia rafiki yangu kwamba nasoma kwa sauti na watu wanalia, alifurahi mpaka masikio yakamwiva, ingawa alinikumbusha: "Hujasema ni langu?" Nikamwambia sijasema. Na sikuwa nimesema.

Daftari la nne liliisha hivi. Mgonga kengele anaamka, anaipokea karatasi, na jina la mwisho katika karatasi ni la dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Anaushika ugwe, kamba ya kengele. Basi.

"Akagonga?" waliuliza wote kwa pamoja.

"Sijui. Daftari la tano halijaja."

"Hagongi," alisema shangazi. "Dada!"

"Atagonga," alisema bibi. "Mkono uliozoea."

Wiki ile ile zikaanza khitima. Kwanza yule jirani mnene alitangaza kwamba atawasomea wanawe watatu, na mumewe, na wazazi wake, wote kwa pamoja, siku ya Alhamisi. Ijumaa ikawa nyumba ya pili. Jumamosi zikawa tatu. Mchele ukaadimika dukani, na mwalimu wa chuo cha Kurani akawa anatoka nyumba hii anaingia ile na sauti yake imekauka. Nasi tulisikia kwamba upande wa Kinondo na hata huko Matuga watu wanafanya vivyo hivyo.

Kwenye khitima kwetu mwalimu hupewa karatasi yenye majina ya marehemu, ayasome katika dua. Wanawake wa kijijini hawajui kuandika, na mimi nilikuwa nimekaa bure, basi wakaja kwangu. Hati yangu ni mbaya, mwalimu wangu wa shule alisema ni nyayo za kuku, lakini niliandika kwa furaha, huku jasho linanitoka. Walinitajia watu ambao hata wenyewe walikuwa hawajawataja miaka mingi.

"Na pacha," aliniambia mama mmoja mzee. "Wawili, mmoja akaishi. Yule mwingine hakupata jina."

"Nimwandikeje, mama?"

"Mwandike Pacha. Mwenyezi Mungu anamjua."

Nikamwandika Pacha. Mama yule akaniwekea mkono kichwani. Jioni ile nililala na furaha kubwa, kwa sababu nilifikiri kwamba hivi ndivyo kitabu kinavyofanya kazi. Rafiki yangu kaketi kwenye kijumba cha mizani na kalamu yake, na huku wafu wa nchi nzima wanakumbukwa.

Jumapili ya tano alikuja mikono mitupu. Hakula. Alikaa karibu nami akasema kwa sauti ya chini.

"Jana nusu ya wakataji hawakuja. Juzi pia. Mnyapara kauliza, wanasema wako khitimani. Wanasema Serikali inaleta amri ya kukataza watu kuwataja wafu wao, na itapigwa kengele kila kijiji. Wanasema huko ng'ambo imeshapigwa. Habari hii wameitoa wapi?"

Nilimtazama. Kisha nikatazama ua, majamvi, jua lilivyokuwa juu ya paa, na ndipo nilipoelewa. Niliwasomea mchana. Niliwaambia si ngano. Nilisema kitabu.

"Bibi," niliita. "Ile habari ya kengele ni ya kutungwa. Mtu ameitunga tu. Haikutokea."

Vidole vya bibi vilisimama. "Uongo?"

"Si uongo, ni hadithi."

"Mchana kweupe? Ndani ya kitabu?" Aliuweka ukili chini. "Mimi nimemtoa mbuzi wangu, mjukuu wangu. Nimewasomea watu kumi na wanane, nikasema nisije nikafa nimefungwa mdomo." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Rafiki yangu alinishika mkono. "Watatafuta mzizi wake," alisema. "Na mzizi ni hati yangu. Yachome. Leo."

"Nitayachoma."

"Niapie."

Nikaapa mara ya pili. Alipokwenda niliyachukua madaftari manne mpaka jikoni, kwenye mafiga, nikafungua la kwanza ili niliage, nikasoma ukurasa mmoja. Herufi zile. Nilifikiria jioni ngapi amekaa na koroboi, macho yake yenyewe mabovu. Nikayarudisha, nikayaviringisha ndani ya mkeka uliokuwa darini. Nikajiambia kwamba vita vikiisha atanishukuru.

Siku ya Jumanne walikuja askari kanzu wawili, wamevaa kama wachuuzi. Waliuliza tu nyumba ya kijana anayeandika karatasi za khitima, na kila mtu akawaonyesha, kwa heshima. Hawakupiga mtu. Mkeka waliuteremsha mara moja, kana kwamba watu wote wa pwani huficha vitu mle mle. Mama alishika mlango akasema, "Mwanangu mgonjwa, ana mguu." Mmoja akamjibu, "Shikamoo mama, usiwe na hofu, tunakwenda kuzungumza tu."

Njiani kuelekea ofisi ya Serikali nilijipanga. Nitasema nimeyaokota barabarani, karibu na daraja. Nililirudia jibu hilo moyoni mpaka nikaliona daraja lenyewe, na majani, na madaftari yamefungwa kwa kamba.

Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mzima mwenye kanzu na koti, mwenye sauti ya upole, mtu wa pwani hii hii. Alinipa kiti, akaagiza mguu wangu uwekewe kibao. Ikaja chai ya tangawizi na kaimati. Madaftari yalikuwa mbele yake.

"Nimeyasoma," akasema. "Nimecheka, na kidogo nilie. Jambo la khitima limekwisha, kijana. Leo nimewatangazia watu kwamba ni hadithi tu, na kila mtu aendelee kuwasomea wafu wake atakavyo. Nani atakufunga kwa hadithi? Kula."

Nikala. Nilihisi uzito umeniteremka mabegani.

"Nilizoziona nyumbani kwa watu ni karatasi zako," akaendelea, akatoa moja mfukoni, ile yenye Pacha. Akacheka kwa wema. "Hii si hati ya mtu mmoja na hii. Hii ya daftari, mashaallah. Na lugha yake! Mombasa kuna wachapishaji wanatafuta waandishi wa Kiswahili kama hawa, hawawapati. Ni dhambi kazi kama hii ikaozea darini. Huyu angefaa awe na jina lake juu ya jalada."

Nataka kuandika hapa kwamba alinitisha. Nimejaribu kukumbuka kama alinitisha. Alinimiminia chai tu. Na mimi nilimwona rafiki yangu na jina lake juu ya jalada, miwani mipya usoni, akishuka kwenye gari Msambweni na watu wanampungia mkono, na mimi nyuma yake nimebeba vitabu. Lile daraja langu lilinitoka kichwani kabisa. Nikaweka kikombe chini, nikatabasamu, nikamtaja. Jina lake, na jina la baba yake, na kwamba anakaa kwenye kijumba cha mizani, na kwamba ni hodari kuliko wote.

"Ahsante," alisema afisa, akaandika.

Waliniruhusu niende. Nilitoka nikichechemea kwa fimbo, nikiimba. Nilikata shauri nisirudi nyumbani kwanza, niende moja kwa moja shambani nikampe habari mwenyewe. Mtu mmoja akanipa nafasi nyuma ya baiskeli yake. Katikati ya njia Landrova ya Serikali ikatupita kwa vumbi. Dereva alipiga honi tusogee. Nikaipungia mkono.

Tulikuwa bado hatujafika kwenye miwa ilipokuwa inarudi. Mwenye baiskeli akasimama pembeni kuipisha. Rafiki yangu alikuwa nyuma, katikati ya askari wawili, hana miwani. Bila miwani alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo sijui kama aliniona. Aligeuza uso upande wetu. Gari likapita.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama yote, na kiapo, na kaimati. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilingoja anipige. Alikaa chini akasema, "Wamekulisha," kisha akalia, na shangazi akaja akalia bila kujua ni nini. Bibi aliuliza mara moja tu nani amepotea njia. Nilikuwa mimi niliyesimulia mchana, na njia ya kwao aliyeipoteza ni mwenzangu.

Mguu ukapona. Nikarudi kwenye miwa. Reli inagongwa kama zamani, na karani mpya anatuita majina kwa sauti kubwa nzuri. Nilikwenda ofisi ile ya Serikali mara tatu kuuliza. Yule afisa amehamishwa. Mara ya tatu karani wa ofisi alifungua kitabu chake mbele yangu, akapitisha kidole juu mpaka chini, akasema kwa adabu, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Na madaftari manne?"

"Hakuna madaftari."

Nilisimama pale nikayakumbuka maneno ya watu wa kitabu kile milangoni mwao, na nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka walipofunga.

Hiyo sasa ni miaka mitatu. Sioti tena sana mchana, ingawa wenzangu husema bado nacheka kwa urahisi. Wanawake uani bado huulizana. "Akagonga?" atauliza mmoja, ukili mkononi, na mwingine ataanza kumtetea yule mgonga kengele au kumlaani. Nimejaribu kuliandika daftari la tano mwenyewe, kwa nyayo zangu za kuku. Nafika kwenye ule ugwe, mkono umeushika, na sijui pa kuupeleka. Nimejua tu kwamba mtu anaweza kugonga huku anatabasamu, akidhani anamwita ndugu yake aje apokee zawadi.

Mwezi wa nyuma bibi alifariki. Siku ya khitima yake mama aliniletea kalamu na karatasi, niandike majina. Nikamwandika bibi juu, na baba, na wale kumi na wanane wake. Mama alikuwa bado amesimama nyuma yangu.

"Na rafiki yako," akasema.

Niliweka kalamu chini. "Nikimwandika hapa, mama, nimemzika. Wala si wa dini yetu. Na hatujui kama amekufa."

"Hatujui." Alifikiri kidogo, anakunja na kukunjua upindo wa leso yake. "Si mwisho wa dua huombewa wagonjwa na wasafiri? Basi mwandike huko chini. Yuko safari. Mwenyezi Mungu hamnyimi msafiri kwa sababu ya dini yake."

Nikaliandika. Nililiandika taratibu kuliko nilivyowahi kuandika kitu chochote, nikijaribu kusimamisha herufi wima kama zake, na bado zilipinda.

Ua ulijaa. Ubani ulifuka, juzuu ziligawanywa zikasomwa zikakusanywa, na mwalimu akashika karatasi yangu akaanza dua. Alimtaja bibi. Alimtaja baba. Alipitia wote mmoja mmoja mpaka akafika chini, kwa wasafiri, na hapo akasita. Jina lilikuwa geni kwake, la bara, na hati yangu mbaya. Niliona macho yake yanalitazama, karatasi ameisogeza karibu na uso, na nikafahamu kwamba sasa ataliruka. Nilimwona rafiki yangu amesimama na kitabu kikubwa mbele yetu asubuhi ile, kalamu mkononi.

Mwalimu alikohoa. Akalisoma jina, alikosea kidogo mwishoni, akarudia akalisoma sawasawa. Na wote waliokuwa uani, yule jirani mnene, na shangazi, na mama mwenye pacha, watu ambao wengi wao hawakupata kumwona, wakaitika kwa pamoja:

"Amin."